Bado Mmoja

Jezi za Nyumbu wa Kitengela hazikugawiwa ndani ya basi, wala hazikumwagwa chini kila mtu ajichagulie. Kocha Katoo aliwapanga vijana mstari mmoja kwenye nyasi, akavua kofia, akaita jina moja moja kwa sauti ya kanisani. Aliyeitwa alikuja mbele, akainamisha kichwa, akaguswa utosini jinsi mtoto wa Kimaasai anavyoguswa na mzee anapomwamkia, ndipo akakabidhiwa jezi yake. Timu nyingine za raga ziliwacheka na kuwaita nyumbu wa kubarikiwa. Waache wacheke. Hakuna kijana aliyepitia mikono ile akaisahau siku yake ya kwanza, na Ruth, mke wa Katoo, aliyezifua na kuzishona jezi hizo kwa miaka tisa, aliamini kwamba mechi nyingi zilishindiwa pale kwenye mstari kabla refa hajapuliza filimbi.

Jumamosi hiyo walikuwa Kajiado, mechi ya mwisho kabla ya nusu fainali. Upepo ulikuwa ukileta vumbi na harufu ya mbuzi. Ruth alikuwa amekalia kasha la barafu, sponji mkononi, maana kazi yake uwanjani ilikuwa maji na majeruhi. Moja akaitwa, mbili akaitwa. Sita alikuwa Mbuvi. Saba alikuwa Lemein, kijana wa miaka kumi na tisa anayefanya kazi ya kupakia saruji pale Kitengela, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuanza mechi. Jezi ya saba ilikuwa haijavaliwa na mtu miaka sita. Ruth mwenyewe ndiye aliyeitoa chini ya sanduku na kuipiga pasi.

Katoo aliikunjua, akaitazama. Uso wake ukachangamka kwa furaha ambayo Ruth hakuwa ameiona siku nyingi, na akaita jina.

Hakuita Lemein. Aliita jina la kaka yake Lemein, aliyeangukia katika uwanja huo huo miaka sita iliyopita na hakuamka tena.

Jina hilo halitaandikwa hapa. Kwa kina Lemein, mtu akifa jina lake hulazwa naye. Jirani aliyekuwa na jina kama hilo alipewa lingine. Mama wa marehemu, ambaye kwa miaka ishirini aliitwa kwa jina la kifungua mimba wake, sasa anaitwa Ngoto Lemein, yaani mama yake Lemein, kana kwamba uzazi wake ulianzia kwa huyu mdogo. Pasta alilitamka mara moja kaburini, kisha likafukiwa. Katoo ni Mmaasai. Alilijua jambo hili kabla hajajua mpira unashikwaje.

"Njoo basi," Katoo alisema, jezi mkononi. "Unaona haya?"

Lemein alikuja, lakini hakuinamisha kichwa. "Kocha, mimi ni Lemein."

"Lemein ni mdogo wako," Katoo alicheka kwa upole. "Lemein bado yuko darasa la saba. Chukua jezi, tunachelewa."

Mstari mzima uliganda. Mbuvi aliangalia viatu vyake. Lemein alipokea jezi, akaishika kwa ncha za vidole, halafu akaiweka kwenye nyasi taratibu, jinsi mtu anavyoweka kitu kinachoweza kuvunjika. Akavua viatu vya njumu, akavibeba mkononi, akaondoka peku kuelekea barabarani.

"Siwezi cheza hii," aliwaambia wenzake bila kugeuka. "Wasee, mimi siwezi."

Walicheza na mchezaji wa akiba, na wakashinda, jambo lililofanya aibu iwe kubwa zaidi, maana watu walipiga makofi. Basi lilipowashwa, Katoo alibaki amesimama kwenye ngazi ya mlango, akihesabu vichwa kwa kidole. Alifika mwisho, akarudia.

"Bado mmoja," alimwambia dereva.

"Kocha, tumetimia," Mbuvi alisema kutoka nyuma.

"Bado mmoja."

Ruth alimshika mkono. "Ingia ndani, Baba Kakenya. Wametimia."

Aliingia, lakini shingo yake ilibaki imegeukia uwanja hadi mji ulipoisha. 

*

Jumapili baada ya ibada, Wachira, mwenyekiti wa klabu na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alifika nyumbani kwao Kitengela na mkate na pakiti mbili za maziwa. Mtu hakuletei mkate nyumbani kwako bure. Alikaa chini ya picha za Katoo: Katoo mwenye shingo nene, jezi namba nane, miaka kumi na mmoja katika klabu kubwa ya Nairobi, Katoo na wenzake katika kambi ya timu ya taifa, wa tatu kutoka kushoto, Katoo amebebwa juu, damu sikioni, anacheka. Ruth alikuwa akizipangusa picha hizo kila wiki. Siku hizi alianza kuzihesabia kitu kingine: ni siku ipi kati ya hizi ndipo kichwa kilipopasuka ufa wa kwanza? Katoo husema alizimwa uwanjani mara tano. Ruth anakumbuka mara tisa, na ni zile tu alizoziona.

"Mama Kakenya," Wachira alianza, "mzee Lesiamon amenipigia simu. Ni ndugu ya marehemu baba yake Lemein, ndiye anasimamia hiyo boma. Amesema kocha aende kwao Jumamosi, na kondoo. Hana ubaya. Aende aseme ulimi umeteleza, yaishe. Lemein arudi. Nusu fainali iko wiki ingine."

"Na kama si ulimi?"

Wachira aligeuza pakiti ya maziwa akasoma maandishi yake. "Hata mimi nasahau. Juzi nimeacha funguo ya duka ndani ya choo."

"Umewahi sahau nani amekufa?"

Mwenyekiti aliirudisha pakiti mezani. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yapite. "Sikiza," alisema kwa sauti ya chini, "ukisema ni mambo ya kichwa, ligi watamtoa kesho. Sisi tutatafuta kocha mwingine, ni kweli. Lakini yeye? Kesho kutwa ukimwambia hakuna mazoezi, atakaa hapa afanye nini?"

Swali hilo Ruth alikuwa amejiuliza mara mia. Bila filimbi shingoni, Katoo alikuwa mtu wa kuzunguka uani akifungua na kufunga bomba la maji.

Wachira alipoondoka, Kakenya, binti yao wa kidato cha tatu, alitoka chumbani na kitabu. "Mum, dad huongea na nani kule nyuma?"

"Na mimi."

"Wewe ukiwa kanisani?"

Ruth alimwambia akatie chumvi kwenye maharagwe, halafu akatoka nje. Katoo alikuwa ameketi juu ya ndoo akisugua matope kwenye viatu vya vijana kwa mswaki wa zamani, jozi baada ya jozi. Kazi ya mikono hakuikosea.

"Wachira alikuwa anasema nini?"

"Kuhusu jana. Ulilitaja jina."

"Najua." Alisugua. "Sikulitaja kwa ubaya. Nilimwita kwa sababu alikuwa amesimama hapo. Amekonda, Mama Kakenya. Nilitaka kumuuliza kama amekula."

Aliyasema hayo kwa utulivu, jua likiwaka, jirani wa ng'ambo ya ukuta akimfokea kuku. Ruth alisimama pale akashindwa kumwambia hayupo, kwa sababu hata yeye, tangu jana, alikuwa akimwona.

Tuseme jambo hili wazi, kwa maana Ruth amelizunguka miaka sita. Miaka tisa iliyopita alihudhuria mafunzo ya siku mbili ya huduma ya kwanza, na mwalimu akawapa maswali matano ya kumuuliza mchezaji aliyegongwa kichwa. Tuko uwanja gani? Ni kipindi cha ngapi? Nani amefunga mwisho? Wiki iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda? Akikosa hata moja, anatoka, na harudi. Katoo aliona maswali matano ni ya watu wenye nafasi. Akayafupisha yakawa moja: leo tunacheza na nani?

Siku ile marehemu aligongwa dakika chache kabla ya mapumziko, goti la mtu likampata juu ya sikio. Ruth alikimbia na sponji. Katoo akaja, akapiga magoti, akauliza swali lake. Kijana alijibu, lakini hakutaja timu yoyote. Alisema kitu kingine kabisa, akakirudia. Katoo akacheka, akampiga begani, akasema, "Huyu yuko sawa, ni mambo ya nyumbani." Ruth alijua hayuko sawa. Alikuwa na yale maswali matano mdomoni. Lakini walikuwa wanaongoza kwa pointi mbili, na mumewe ndiye kocha, na wanaume wote pembeni walikuwa wakipiga makofi kijana anyanyuke. Akafinya sponji, akarudi kwenye kasha lake. Kipindi cha pili, dakika ya kumi, kijana alimkaba mtu ambaye hata mtoto angemkaba, akalala, akakata roho ndani ya gari wakikimbilia hospitali.

Mazishini mama yake alimshika Ruth mikono yote miwili. "Wewe ndiye ulikuwa karibu naye. Alisema nini?"

"Hakusema kitu, mama," Ruth alimjibu. "Ilikuwa mara moja tu."

*

Jumanne walikuwa kwenye mazoezi, kiwanja cha vumbi nyuma ya soko la Kitengela. Lemein hakuja. Kakenya alikuwa amepitia hapo akitoka shule. Katoo alikuwa katika siku yake njema; alikimbia pembeni ya vijana, akawatania, akamwonyesha mmoja jinsi ya kuweka kichwa nyuma ya kiuno cha mtu unapomkaba, si mbele. Kwa nusu saa nzima Ruth alisahau woga. Alishona kola ya jezi, akang'ata uzi, akajisemea labda Wachira anasema kweli, labda ulimi huteleza.

Ndipo vichwa viwili vikagongana, na Mbuvi akakaa chini kama mzigo ulioangushwa.

Katoo alifika wa kwanza. Akapiga magoti. "Mbuvi. Leo tunacheza na nani?"

Ruth alikuwa hatua tatu nyuma yake na sponji.  Hawakuwa wanacheza na mtu yeyote. Ilikuwa Jumanne, koni za plastiki zimepangwa chini, hakuna refa, hakuna jezi.

"Thika," Mbuvi alisema, macho yake yakitafuta pa kutua. "Tunacheza na Thika, kocha."

"Sawa," Katoo alisema, akampiga begani. "Huyu yuko sawa. Rudi."

Vijana walitazamana. Mmoja alianza kucheka akidhani ni utani, akaacha. Mbuvi, kwa kuwa kocha amesema, aliweka mkono chini ili anyanyuke.

"Hapana," Ruth alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa kusema neno hilo ndani ya uwanja. Lilitoka kwa sauti ya juu kuliko alivyokusudia. Alimkalisha Mbuvi kwa nguvu, akamshika uso. "Wewe hurudi. Kakenya, piga simu kwa mama yake Mbuvi. Mwambie anapelekwa hospitali sasa hivi na bodaboda, mimi niko naye."

"Mama Kakenya," Katoo alisema kwa mshangao, na mbele ya vijana wote, "mbona unaniaibisha? Amejibu."

"Amejibu nini?"

Katoo alifungua mdomo. Alizitazama koni, akatazama jua, akawatazama vijana mmoja mmoja, na Ruth akaona jambo ambalo hatalisahau: mumewe alikuwa akitafuta jibu la swali lake mwenyewe, na hakuwa nalo.

"Thika," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeomba.

Mbuvi alilala hospitali siku mbili akarudi nyumbani mzima. Mama yake, anayeuza nguo za mitumba, alimletea Ruth kuku wa shukrani. Ruth alimpokea kuku huyo, akaingia jikoni, akalia hadi Kakenya akaja kuzima jiko.

*

Kondoo walimnunua kwa Muhumed, mfanyabiashara wa mifugo ambaye zizi lake liko nyuma ya duka lake la nguo. Katoo alikuwa amevaa koti la harusi yao, na filimbi shingoni, hakukubali kuivua. Muhumed alimtazama, akapiga kofi.

"Wewe si ndio namba nane? Wallahi, mimi nilikuona Nairobi. Ulibeba watu watatu kwa mgongo mpaka laini ya bao!"

"Wanne," Katoo alisema, na akaanza. Alieleza bao lile la trai kuanzia skramu, pale timu mbili zilipokuwa zikisukumana: nani alimpa mpira, nani aliteleza, mvua ilivyokuwa, beki gani alimshika kiuno. Ilikuwa miaka kumi na saba iliyopita na hakukosea pasi hata moja. Wateja walisimama kumsikiliza. Muhumed alifurahi mpaka akapunguza bei bila kuombwa.

"Ya sherehe?" aliuliza, akifunga kamba.

"Ya ushindi," Katoo alijibu.

Ruth aliangalia pembeni. Walipofika barabarani Katoo alisimama, akaitazama kamba mkononi mwake, akamtazama kondoo.

"Mama Kakenya, huyu ni wa nani?"

"Ni wetu. Tunampeleka kwa kina Lemein."

"Ooh. Sawa." Baada ya hatua chache: "Nitasema ulimi umeteleza. Nimekariri."

Boma la kina Lemein liko ng'ambo ya Kajiado, unaiacha barabara ya Namanga na kutembea nusu saa. Nyumba ya mabati, zizi la miiba, tangi la maji. Mzee Lesiamon alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na fimbo magotini. Lemein alisimama mbali, ameegemea nguzo ya lango, hakuja kuwaamkia. Ngoto Lemein alikuwa akisuuza vibuyu vya maziwa, na aliendelea kusuuza.

"Takwenya," Lesiamon alimwamkia Ruth.

"Iko," Ruth aliitikia.

Mzee hakumwamkia Katoo. Alimwacha asimame juani na kondoo wake muda wa kutosha mtu kuona haya, kisha akamwonyesha kiti kwa kidevu. Katoo aliketi. Na alisema vizuri, tuseme ukweli. Alisema kwa Kimaa, lugha yao, kwa adabu, kichwa kimeinama: kwamba alilitaja lisilotajwa, kwamba hakudhamiria, kwamba ulimi uliteleza kwa uchovu wa safari, na kondoo huyu aondoe ubaya. Hakusahau neno. Lesiamon alimsikiliza hadi mwisho, na uso wake ukalegea.

"Mtu ni ulimi," alisema. "Sisi si watu wa kushikilia maneno. Lemein, kuja. Atarudi kucheza. Yaishe."

Akaanza kunyanyuka ili amguse Katoo kichwa. Hapo ndipo mambo yangeisha. Wachira angefurahi, Jumamosi ijayo vijana wangepangwa mstari, na mmoja wao angegongwa na kuulizwa swali.

"Haukuteleza," Ruth alisema.

Lesiamon alibaki nusu amesimama. "Nini?"

"Ulimi haukuteleza, mzee. Bwana yangu ni mgonjwa wa kichwa. Anaona ni kama yule kijana ako. Anamhesabu kila siku. Jumanne karibu aue mtoto wa watu na hakujua." Akamgeukia Ngoto Lemein. "Na si hiyo tu. Ile siku, kijana wenu aligongwa kipindi cha kwanza. Tulimuuliza swali akajibu vibaya. Tukamrudisha. Bwana yangu alimrudisha, na mimi nilijua hafai kurudi, nikanyamaza."

 Kondoo alilia. Lemein aliliacha lango akaja hatua kwa hatua, uso umefura.

"Mlisema alianguka tu," alisema. "Mlikuja kwa matanga hapa, mkakula, mkasema alianguka tu!"

"Kwa nini unaleta hii leo?" Lesiamon aliuliza, na fimbo ilikuwa ikigonga ardhi. "Miaka sita! Nilikuwa nimemaliza!"

"Nyamazeni," Ngoto Lemein alisema.

Aliweka kibuyu chini. Akafuta mikono kwenye shuka, akaja akasimama mbele ya Ruth, karibu sana, kama siku ya mazishi.

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza, mama."

"Ukasema hakusema kitu."

"Nilisema hivyo."

"Sasa umesema alijibu swali. Alijibu nini?"

 Maneno hayo Ruth hakuwahi kuyatoa mdomoni, hata akiwa peke yake. "Bwana yangu alimuuliza, leo tunacheza na nani. Yeye akasema, 'Ambieni yieyo nimefunga ndama.' Nikafikiri labda hakusikia swali. Akarudia tena. 'Ambieni yieyo nimefunga ndama.'"

Yieyo ni mama. Ngoto Lemein aliyasogeza midomoni maneno yale bila sauti, moja moja. Kisha akarudi nyuma, akatafuta mahali pa kukaa, akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

"Hiyo asubuhi," alisema bila kumwangalia mtu, "ndama alikuwa amefunguka akanyonya yote. Hakukuwa na maziwa ya chai. Nilimfokea. Nilimwambia kijana wa kukimbiza mpira hana kazi kwa boma ya mtu. Akatoka bila kunywa kitu. Nikakasirika zaidi, nikaenda kuchota maji. Kurudi, nimepata ndama amefungwa." Aligeuka. "Lemein, nilifikiri ni wewe."

"Mimi sikuwa nyumbani, yieyo," Lemein alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Nilikuwa nimetangulia kwa mechi."

"Miaka sita," mama alisema. "Miaka sita nimejua alienda na maneno yangu mabaya. Kumbe alinitumia jibu." Akamtazama Ruth kwa macho makavu. "Na wewe umekaa nalo."

"Nimekaa nalo. Nisamehe."

"Sijui kama nitakusamehe. Usiniharakishe."

Ruth aliitikia kwa kichwa. Halikuwa jibu alilotarajia, ila kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliweza kumtazama mama huyo usoni.

Lesiamon aliketi tena. Hasira ilikuwa imemwacha na uchovu. "Wale vijana wengine," alisema, "si wa huyu kupeleka uwanja tena."

"Hapana, mzee. Jumatatu nitawaambia kamati mwenyewe. Yote, na ya kwangu pia."

"Basi toa hiyo filimbi. Toa hapa tukiona."

Ruth alimgeukia mumewe. Katoo alikuwa ameketi wima, mikono magotini, uso umetulia. Ni vigumu kusema alikuwa amesikia kiasi gani. Ruth aliposhika kamba ya filimbi, Katoo aliinamisha kichwa ili avuliwe kwa urahisi, jinsi vijana wake walivyokuwa wakimwinamishia yeye. Ruth akamvua. Katoo akapeleka mkono kifuani, akapapasa mahali ilipokuwa, akauacha mkono pale. Hilo lilimuuma Ruth kuliko yote yaliyosemwa, na alilia waziwazi mbele ya watu.

"Tunaenda?" Katoo aliuliza.

"Tunaenda, Baba Kakenya."

Alisimama, akakung'uta koti. Akainua kidole kama kawaida yake akaanza kuhesabu waliokuwa pale uani. Ruth. Mzee. Lemein. Mama. Alifika mwisho, akarudia, akakunja uso.

"Bado mmoja," alisema.

Kisha akamwona vizuri yule mama aliyekaa chini, na uso wake ukafunguka. Akamwamkia kwa furaha, akamwita kwa jina lake la zamani, Ngoto wa yule kifungua mimba, jina ambalo hakuna aliyelitamka mbele yake kwa miaka sita. Fimbo ya Lesiamon ilianguka. Lemein alijifunika uso kwa mikono.

"Kijana yuko wapi?" Katoo aliuliza. "Mbona simwoni?"

Ngoto Lemein aliinua mkono kuwanyamazisha wote. Machozi aliyoyazuia yalikuwa yakimshuka sasa, hakuyafuta.

"Ameenda kufunga ndama," alisema.

"Ooh," Katoo alisema. "Basi tutamngoja."

Akaketi tena kwenye kiti cha plastiki, akageukia zizi. Ruth akavuta kigoda akakaa kando yake, filimbi ndani ya kiganja, wakangoja.